Elinor Ostrom na zamu za wavuvi wa Alanya

Kila mwaka nikianza kufundisha uchumi siasa, huwauliza wanafunzi: samaki wa ziwani wanakwisha, nani ayaokoe maji hayo? Wengine husema serikali, wengine husema yagawiwe, kila kipande kiwe na mwenyewe. Hapo ndipo ninapomleta Elinor Ostrom, mtafiti wa Kimarekani.

Mama huyu, mzaliwa wa Los Angeles, alitaka kusomea uzamivu wa uchumi Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), akakataliwa kwa kukosa hisabati. Na hakuikosa kwa uvivu. Alipokuwa sekondari, msichana asiyepata alama za juu kabisa katika aljebra na jiometri hakuruhusiwa kusoma trigonometria. Akaingia sayansi ya siasa. Kwa maoni yangu, waliopata hasara ni wachumi.

Tasnifu yake ya 1965 ilihusu maji ya chini ya ardhi ya West Basin, pwani ya Los Angeles. Kila mwenye kisima alivuta atakavyo, maji yakashuka, chumvi ya bahari ikaanza kupenya. Wenye visima wakaunda chama, wakapelekana mahakamani, wakakubaliana kupunguza.

Mwaka huohuo alihamia Bloomington, Indiana, kumfuata mumewe Vincent, profesa wa siasa. Chuo Kikuu cha Indiana kikampa vipindi vya kuanza saa moja na nusu asubuhi, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. (Aliyewahi kuwa mwalimu mgeni idarani anaijua ratiba hiyo.) Mwaka 1973 wakaanzisha kituo chao cha utafiti, wakakiita karakana, kwa imani kwamba utafiti hufunzwa kama useremala: fundi na mwanagenzi kwenye meza moja.

Kabla ya hapo, mwaka 1968, mwanaikolojia Garrett Hardin alikuwa ameandika kwamba malisho ya wote lazima yaharibike. Ostrom hakubishana naye kwa nadharia tupu. Alikusanya habari za watu waliokwisha kulitatua jambo hilo, zikiwemo zilizoandikwa na watafiti wengine waliowafikia watu hao kabla yake, na katika kitabu chake cha 1990 akaziweka pamoja.

Mfano ninaoupenda ni Alanya, Uturuki. Wavuvi kama 100, waliochoka kugombania sehemu nzuri, waliorodhesha kila mahali pa kutegea nyavu, pakiachana kiasi cha wavu mmoja kutomzibia jirani samaki. Kila Septemba walipiga kura ya bahati kujua nani aanzie wapi. Kisha kila siku kila mmoja alisogea sehemu moja upande wa mashariki. Ilipofika Januari, waligeuza na kusogea magharibi, kwa sababu samaki nao hugeuza njia. Askari wa doria hakuhitajika sana: aliyeiba zamu, mwenye zamu alimkuta pale pale alfajiri.

Mwaka 2009 alipopewa Nobel ya uchumi pamoja na Oliver Williamson, mwanamke wa kwanza kuipata, wachumi kadhaa waliulizana huyu ni nani. Alifariki 2012.

Muhula uliopita nilikuwa nikichora pwani ya Alanya ubaoni, kijana wa Marangu, Kilimanjaro, akanyoosha mkono: "Mwalimu, hiyo si kama zamu ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia?" Nikampa chaki. Alichora mfereji kutoka juu mlimani, akaonyesha maji yanaanzia kwa nani, yanafika lini kwao, na anayeyafungulia usiku hugundulikaje. Wenzake walimuuliza maswali mengi kuliko wanayoniuliza mimi.