Picha ikilala, simu haijaharibika

Juzi kwenye saiba moja hapa Kisumu, mama fulani alileta picha za harusi ya bintiye zichapishwe. Kwenye simu zilikuwa sawa. Kwenye kompyuta, bibi harusi amelala ubavu na keki imeota ukutani. "Kamera yako imeharibika, mama," kijana akamwambia. Wengi huamini hivyo, na si kweli.

Kihisi cha kamera, yaani kile kipande kinachonasa mwanga, kimefungwa ndani ya simu na hakigeuki. Ukishika simu wima, kwa kawaida nukta za picha huandikwa zikiwa zimelala vilevile. Kinachoongezwa ni tarakimu moja ndani ya faili, kwenye maelezo yanayoitwa Exif: 1 ni "iache ilivyo", 3 ni "ipindue juu chini", 6 ni "izungushe nyuzi 90 kufuata mshale wa saa", 8 kinyume chake. Programu inayoisoma tarakimu hiyo huisimamisha picha. Isiyoisoma, kama kionyesha picha cha Windows 7, huiacha imelala. Faili ni lilelile.

Simu hujua chini ni wapi kwa kuhisi mvutano wa dunia. Ndiyo maana ukiinama juu ya sahani ya ngege, simu ikitazama meza, hubahatisha tu. Hapo tarakimu yenyewe ndiyo yenye kosa.

Yule mama hakuhitaji fundi. Fungua picha kwenye programu ya kuhariri, hakikisha imesimama, kisha hifadhi nakala mpya. Kupiga picha ya skrini pia husaidia, lakini hupunguza ubora, na kwa picha ya kutundika sebuleni utajuta.