Usifunge Daftari Jumamosi Jioni

Kazi yangu ni kuhesabu. Wikendi za ligi hukaa kando ya uwanja na kompyuta mapajani, nikiiandikia klabu takwimu zake: nani kakaba, nani kakwepwa, mpira uliopigwa juu umeangukia mikono ya nani. Lakini Shujaa, timu yetu ya taifa ya raga ya wachezaji saba, wakiwa ng'ambo, mimi ni shabiki kama wewe. Ninakaa kwenye mkahawa mmoja karibu na Ngong Road, chai ya maziwa mezani na daftari la shule mbele yangu. Watu wengi huniuliza lile daftari ni la nini.

Jumamosi moja jioni tulikuwa tumeachwa mbali. King'ora kikalia kuashiria muda umekwisha, ila kwenye raga king'ora hakimalizi mchezo. Mchezo huendelea hadi mpira ufe, kwa mfano kwa kutoka nje, na mpira ulikuwa ungali mikononi mwetu. Kijana wetu wa pembeni akapata mwanya, akavuka mstari, lakini hakuulaza mpira palepale. Alipinda, akakimbia sambamba na mstari huku mpinzani akimfuata unyounyo, mpaka katikati ya milingoti, ndipo akaulaza. Mkwaju ukapita. Mkahawa ulikuwa kimya, watu wanavaa makoti waende zao. Mimi nimesimama, napiga makofi.

Mzee wa meza ya jirani akanigeukia. "Binti yangu, si wameshatupiga? Unashangilia nini?"

"Tumepata saba, mzee. Huenda hizo saba ndizo za kutuvusha."

Akavuta kiti chake. "Hebu nionyeshe."

Nilianza na tofauti ya alama na pointi, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotea. Alama ni zile za kwenye mechi: trai, yaani kuulaza mpira nyuma ya mstari wa mpinzani, tano, mkwaju unaofuata trai mbili, penalti ya kupiga langoni tatu. Pointi ni za jedwali la kundi. Kwenye raga ya wachezaji saba ukishinda unapata pointi 3, ukitoka sare 2, na ukishindwa unapata 1. Ndiyo, aliyeshindwa hupewa kitu. Sifuri ni ya timu iliyokosa kufika uwanjani.

Sasa angalia mashindano ya timu 12, kama yalivyo ya Olimpiki. Timu hugawanywa makundi matatu ya timu nne nne, na kila moja hucheza mechi tatu. Mbili za juu kwenye kila kundi huenda robo-fainali. Hizo ni sita tu, na robo-fainali inataka nane. Nafasi mbili zilizobaki huchukuliwa na timu bora mbili kati ya zile tatu zilizomaliza za tatu. Wakilingana pointi, hutazamwa tofauti ya alama: ulizofunga ukitoa ulizofungwa, mechi zote tatu. Kwa hiyo trai ya king'ora, kwenye mechi uliyokwisha kuipoteza, inaingia kwenye hesabu sawa kabisa na trai ya ushindi. Na ndiyo sababu yule kijana hakuulaza mpira pembeni. Mkwaju wa kutoka pembeni ni mgumu, wa katikati ni mwepesi, na baina yao kuna alama mbili.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Paris 2024. Afrika Kusini waliingia Olimpiki ile kwa mlango wa mwisho kabisa. Septemba 2023 mjini Harare, Shujaa waliwafunga 17-12 kwenye fainali ya Afrika na kuchukua tiketi ya bara. Afrika Kusini ikabidi waende Monaco, Juni 2024, kugombea nafasi moja iliyobaki, wakaipata. Kule Stade de France wakapoteza mechi mbili za kwanza, 10-5 kwa Ireland na 17-5 kwa New Zealand. Shabiki asiye na daftari angesema safari imekwisha. Lakini tazama walivyopoteza: kwa tano, kisha kwa kumi na mbili. Walikaza hata walipokuwa wanazama. Mechi ya tatu wakawachapa Japani 49-5.

Piga hesabu. Toa tano, toa kumi na mbili, ongeza arobaini na nne: tofauti ni 27 juu. Kwenye kundi la Kenya, Samoa nao walimaliza wa tatu kwa ushindi mmoja na vipigo viwili, pointi tano sawasawa na za Afrika Kusini, ila tofauti yao ilikuwa ndogo. Samoa wakabaki nje, Afrika Kusini wakapita. Robo-fainali wakakutana tena na New Zealand waliowafunga kwenye kundi, wakawashinda 14-7, na wakaondoka Paris na medali ya shaba. Kila ninapofika hapa mwili hunisisimka. Medali ile iliokolewa na trai ambazo kwenye mechi yenyewe hazikuhitajika tena, kwa sababu Japani walikuwa wameshapigwa kitambo.

Daftari lenyewe si kazi kubwa. Ukurasa mmoja kwa kila kundi, timu nne kwa urefu, na kwa upana: mechi, pointi, alama za kufunga, za kufungwa, tofauti. Jaza mara mechi inapoisha, usingoje jioni. Kuna mashindano ambayo hutalihitaji. Kombe la Dunia la raga ya saba la San Francisco 2018 na la Cape Town 2022 yalichezwa kwa mtoano tangu mechi ya kwanza, na huko ukipoteza, ubingwa umekuponyoka. Na zamani, msururu wa dunia, yaani mashindano ya raga ya saba yanayozunguka miji kadhaa kila msimu, ulipokuwa na timu 16 kwenye makundi manne, wa tatu hakuwa na tumaini la robo-fainali kuu. Uliza mfumo kwanza, ndipo uchore mistari.

Ukishalijaza, utakuwa na jicho la bure kwa kitu ambacho mashabiki wengi hawakioni: mpira wa kuanzisha upya baada ya trai. Kwenye raga ya wachezaji 15 aliyefungwa ndiye anayepiga kuanzisha. Kwenye ya saba ni kinyume, aliyefunga ndiye anayepiga. Wakati huo ndipo watu huinamia simu au kuita chai nyingine, na ndipo mechi huamuliwa. Mpira lazima uende mita kumi, unapigwa juu ukae hewani, wafukuzaji wafike chini yake pamoja na wadakaji. Timu iliyofunga ikiudaka, inaweza kufunga tena na tena kabla mwenzake hajaugusa. Kipindi ni dakika saba tu, na muda hausimami kusubiri mkwaju. Kenya imewahi kuwa na watu wa kazi hiyo. Humphrey Kayange alikuwa akiruka kama anayechuma embe la tawi la juu. Mimi huweka alama ndogo ya vema kila tunapoudaka na mkasi kila tunapoukosa, na mara nyingi safu ile hunieleza matokeo mapema kuliko ubao.

Jambo la saa nitalipitia haraka. Singapore wametutangulia saa tano, kwa hiyo mechi ya saa nne asubuhi kwao ni saa kumi na moja alfajiri kwetu. Vancouver mwezi wa pili wako nyuma saa kumi na moja, na mechi ya saa kumi jioni Jumamosi ni saa tisa usiku wa kuamkia Jumapili. Andika saa zetu kwenye daftari tangu Ijumaa, maana usingizi ukikushika utakosea.

Nimeshika kalamu siku nzuri na siku mbaya. Jumapili ya tarehe 17 Aprili 2016, Singapore: Ufaransa 28-7, Argentina 15-12, halafu Fiji 30-7 kwenye fainali, taji la kwanza la Kenya kwenye msururu wa dunia, Andrew Amonde akiwa nahodha na marehemu Benjamin Ayimba akiwa kocha. Ukurasa ule una doa la chai, sijui nilimwaga saa ngapi. Na Mei 2023, London: Kanada 12, Kenya 7, tukashuka daraja kutoka msururu ule. Alama tano. Trai moja. Mwaka mmoja baadaye, Madrid, tukaifunga Ujerumani 33-15 tukarudi.

Yule mzee alinisikiliza mpaka mwenye mkahawa akaanza kupanga viti juu ya meza. Mechi za kundi jingine zilikuwa bado zinaendelea. Akaomba kalamu, akavaa miwani, akalivuta daftari upande wake na kuangalia safu ya tofauti kwa kidole.

"Sasa hawa," akasema, "tunataka wafungwe ngapi?"