Rula haisimamishi nyumba za Mji Mkongwe

Kauli isiyokwisha midomoni mwa wanaojifunza kuchora majengo kwa wino ni hii: bila rula nyumba haisimami. Si kweli, na ukichora Mji Mkongwe wa Unguja inaharibu kazi kuliko kosa jingine lolote. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Zimevimba hapa, zimebonyea pale, lipu imebanduka. Hata jumba la Beit al-Ajaib la mwaka 1883, pamoja na nguzo zake za chuma zilizonyooka, lilijengwa kwa kuta za mawe na chokaa. Ukizipitishia rula unapata jengo la zege la juzi. Tena wino hupenya chini ya ukingo wa rula, ukiinyanyua unakuta doa.

Kinachosimamisha nyumba ni mstari wa usawa wa macho. Uanze huo, kwa penseli. Ukichora umesimama, vichwa vya watu wazima waliosimama, wa karibu na wa mbali, vyote huugusa. Miguu tu ndiyo hupanda kadiri mtu anavyokuwa mbali. Ukikaa barazani mstari unashuka. Kingo za roshani zilizo juu yake huteremka kuuelekea, za baraza hupanda. Na hili husahaulika kila mara: kichochoro kikipinda, mistari ya kuta za kipande kipya, ukiirefusha, hukutania nukta nyingine, kushoto au kulia, lakini kwenye mstari uleule. Ukilazimisha nukta moja, umenyoosha mtaa ambao haujawahi kunyooka.

Rula iishie kwenye penseli, kukagua wima. Wino uvute kwa mkono, nguvu itoke kiwikoni, vipande vya sentimita 5 hadi 7, ukiacha mwanya mdogo kati yake. Ukienda kombo usiurudie. Utaishia na mistari miwili.

Eti wino mweusi wote ni mmoja? Wa kalamu nyingi za kujaza huyeyuka ukipitisha brashi yenye maji. Tafuta wa pigmenti, yaani wa chembe za rangi zisizoyeyuka majini, uache ukauke kabisa. Wenye sheliki, utomvu unaokauka ukawa mgumu, ni wa nibu ya kuchovya. Ndani ya kalamu ya kujaza huganda.

Mlango wa nakshi nao hauchorwi ua kwa ua. Ukiwa na upana wa sentimita 3 karatasini, kalamu ya milimita 0.3 itayaunganisha maua yote yawe doa. Chora fremu, mfaa (nguzo ya katikati ya mlango) na safu za misumari ya shaba, nakshi iguse upande wa kivuli tu.

Kivuli chenyewe si weusi mtupu, kwa sababu ukuta wa upande wa pili uliopakwa chokaa huurudisha mwanga. Mistari sambamba inatosha. Weusi kamili uweke ndani ya madirisha na milango iliyo wazi.