Maneno 12 ya pochi ya kripto: tunavyodhani na yalivyo

Binamu yangu alikuja kwangu na simu iliyokufa, uso umemshuka. "Bitcoin zangu ndiyo basi," akasema. Nikamuuliza jambo moja tu: yale maneno kumi na mawili uliyopewa na pochi yako, yaani programu ya kutunzia bitcoin, siku ulipoifungua, uliyaandika? Akaleta daftari la shule. Yalikuwa ukurasa wa mwisho, kwa peni ya bluu, kila neno na namba yake. Tukaweka programu ileile kwenye simu nyingine, tukayaandika moja baada ya jingine, na salio likarudi lote.

Alidhani, kama wengi wanavyodhani, kwamba sarafu hukaa ndani ya simu. Hazikai humo. Zimeandikwa kwenye blokucheni, daftari la pamoja lililonakiliwa kwenye maelfu ya kompyuta duniani. Simu hutunza funguo za siri tu, na funguo hizo zote huzaliwa na maneno yale. Simu ikizama baharini, unaziunda upya. Vikipotea vyote viwili, simu na maneno, hakuna wa kukurudishia.

"Nikisahau nitapiga huduma kwa wateja." Haya ni mazoea ya M-Pesa: ukisahau namba ya siri, unathibitisha kuwa ni wewe, unawekewa nyingine, kwa sababu kampuni ndiyo inayotunza hesabu. Pochi unayoitunza mwenyewe haina ofisi ya namna hiyo. Waliotengeneza programu hawana nakala ya maneno yako. Basi yeyote anayejiita mhudumu na kukuomba maneno ni mwizi, hata akija na barua yenye nembo. Mwaka 2020 taarifa za wateja wa Ledger, watengenezaji wa vifaa vya kutunzia funguo, zilivuja pamoja na anwani za nyumbani, na baadaye matapeli wakawatumia watu barua za karatasi wakitaka maneno yao.

Wengine huogopa kwamba maneno mepesi ya Kiingereza yatabahatishwa. Hofu hii haina msingi, ilimradi yamechaguliwa na programu. Utaratibu wake, BIP39, ulitoka mwaka 2013: orodha ya maneno 2,048, kuanzia "abandon" hadi "zoo", na herufi nne za mwanzo zinatosha kutofautisha neno moja na lingine. Michanganyiko ya maneno 12 inayokubalika ni namba yenye tarakimu 39. Sehemu ya neno la mwisho ni uhakiki wa yaliyotangulia, hivyo ukijitungia yako, mara 15 kati ya 16 pochi itayakataa. Na yakikubaliwa ni hatari zaidi, kwani akili ya mtu haichagui kwa nasibu. Orodha rasmi ya Kiswahili haipo. Usiyatafsiri, yanakili yalivyo.

Kuna ujanja ninaousikia sana: "Nimeyavuruga mpangilio, mwizi hatafua dafu." Maneno 12 hupangika kwa namna 479,001,600. Kwa kalamu ni kazi ya maisha, lakini kompyuta huzimaliza kwa saa chache. Ukija kuusahau mpangilio wako, umejifungia nje mwenyewe. Kuyakata nusu kwa nusu nako hakufai: ukipoteza nusu moja, umepoteza yote.

Kuyapiga picha ya skrini ndiko kunakoniumiza roho zaidi. Februari 2025 Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walieleza kuhusu SparkCat, programu haramu iliyojificha ndani ya programu nyingine, hata kwenye maduka ya Google na Apple, ikisoma maandishi yaliyomo kwenye picha za simu kutafuta maneno haya haya. Yaandike kwa mkono, karatasi mbili, uziweke nyumba mbili tofauti. Kisha jaribu kuirejesha pochi kabla hujaweka pesa ya maana.

La mwisho: kubadili namba ya siri ya programu hakubadili maneno. Aliyeyaona jana ataweza kuhamisha sarafu zako mwaka kesho, kwa simu yake mwenyewe. Dawa ni kufungua pochi mpya na kuhamishia sarafu huko. Ndivyo tulivyofanya siku ile, maana maneno ya binamu yangu mimi nilishayaona. Alipokuwa akiyaandika mapya, nilitoka nje, nikarudi aliponiita.