Usiitupe Krimu ya Chunusi Wiki ya Tatu

Kati ya wagonjwa wa chunusi tunaowapokea hapa Lubumbashi, wako wengi wanaofika na tyubu ya adapaleni au tretinoini mkononi, imetumika robo tu, na neno moja mdomoni: "Docta, hii dawa ilinikatala." Ukiwauliza waliitumia kwa muda gani, jibu ni wiki mbili au tatu, mara chache mwezi. Walikuwa wakijipaka kila usiku. Ngozi ikaanza kubanduka kandokando ya pua na kwenye kona za mdomo, maji ya kunawa yakawa yanachoma, na chunusi zikaongezeka badala ya kupungua. Mama au rafiki akasema, acha hiyo kitu, itakuharibu sura. Wakaacha.

Ninawaelewa kabisa. Hakuna anayenunua dawa ya uso ili atoke nyumbani akiwa vibaya kuliko alivyolala, hasa kijana wa miaka 17 ambaye tayari anakaa nyuma darasani ili asitazamwe. Lakini lazima niseme wazi kwamba wengi wao waliacha dawa nzuri kabla haijapata nafasi ya kufanya kazi, na sehemu kubwa ya mateso waliyopata ilikuwa inaepukika, kama tu aliyewapa tyubu angekaa nao dakika tano kuwaeleza namna ya kuanza.

Adapaleni na tretinoini ni retinoidi, yaani dawa za jamii ya vitamini A. Kila kinyweleo cha uso kina tundu lake, na ndani yake kuna tezi inayotoa mafuta. Kwa mwenye chunusi, seli zilizokufa za ukuta wa tundu hilo hazitoki vizuri. Zinashikana, zinachanganyika na mafuta, zinaziba. Kizibo hicho huanza kikiwa kidogo mno, macho hayakioni, na kinaweza kukaa wiki kadhaa kabla hakijawa kipele cheusi, cheupe au kilichovimba kwa usaha. Retinoidi huzifanya seli hizo zitoke zilivyopaswa, na pia hupunguza uvimbe. Kwa hiyo krimu unayopaka leo usiku haikusaidii sana kwa kipele unachokiona kwenye kioo. Inazuia kile ambacho kingetoka mwezi ujao. Ndiyo sababu inapakwa eneo lote linalotoka chunusi, na si tone juu ya kila kipele. Ndiyo sababu pia hatuihukumu kabla ya wiki 12.

Katika wiki za mwanzo baadhi ya watu huona vipele vinaongezeka. Si wote, lakini ni wa kutosha kiasi kwamba kila anayeanza anapaswa kuambiwa mapema. Aliyeambiwa huvumilia. Asiyeambiwa huona amelaghaiwa, na huenda kutafuta kitu kingine sokoni.

Katika mazungumzo na wagonjwa, jambo linalonifunulia mengi kuliko yote ni kiasi wanachopaka. Huwa ninamwomba mtu afungue tyubu yake palepale mezani, anionyeshe anavyofanya nyumbani. Mara nyingi hutoka mstari mrefu unaofunika kidole chote cha shahada, kisha unasuguliwa kwa viganja viwili, uso mpaka shingo. Kiasi kinachotosha uso mzima ni ukubwa wa punje moja ya njegere. Igawe kwa nukta: paji la uso, kila shavu, kidevu, kisha isambaze kwa ncha ya kidole mpaka isionekane. Kope, mbavu za pua na kona za mdomo ziachwe. Unaweza hata kuzipaka vazelini kidogo kwanza ili dawa isitambae huko. Kuzidisha kiasi hakuharakishi kupona hata kwa siku moja. Kunaongeza kuungua tu, na kunamaliza tyubu ambayo imenunuliwa kwa pesa nyingi.

Jambo la pili ni haraka. Anza na usiku mbili kwa wiki, tuseme Jumanne na Ijumaa, kwa wiki mbili hivi. Ngozi ikitulia, nenda usiku mmoja unapaka, mmoja unaacha. Baadaye jaribu kila usiku, na kama ngozi haitaki, baki kwenye usiku tatu kwa wiki. Wako wanaopona vizuri kwa mwendo huo. Nawa kwa sabuni laini, si ile ya kufulia wala ile kali ya kuua vijidudu. Kisha ngoja dakika 20 hadi 30 ngozi ikauke kabisa, maana ngozi yenye maji hunywa dawa kwa nguvu na ndipo inapochoma. Kwa mwenye ngozi nyepesi kukasirika, tunamshauri apake losheni ya kulainisha isiyo na manukato kwanza, halafu dawa, halafu losheni tena. Wengine tunawaambia waiache usoni kwa saa moja tu kisha wanawe, mpaka ngozi izoee. Njia zote hizi zinapunguza ukali wa mwanzo, na dawa bado inafanya kazi.

Hapa kuna jambo la watu wenye ngozi nyeusi ambalo maelezo ya ndani ya boksi hayalisemi vya kutosha. Maelezo hayo yanasema ngozi itakuwa "nyekundu". Kwenye ngozi zetu wekundu huo mara nyingi hauonekani. Utakachoona ni ngozi kubana, kung'aa kupita kawaida, kuwa na rangi ya kijivujivu, au eneo kuwa jeusi zaidi ya linalolizunguka. Na ngozi nyeusi ikivimba kwa sababu yoyote, iwe kipele, kidole kinachotumbua au krimu inayounguza, huacha doa jeusi ambalo linaweza kukaa miezi. Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaowaambia wenzao "vumilia tu, ndiyo inafanya kazi". Ukavu na magamba madogo, vumilia. Kuwaka ambako kunaendelea mpaka asubuhi, malengelenge, ngozi kutoa majimaji, au kope kuvimba, usivumilie. Acha dawa, paka losheni peke yake mpaka ngozi itulie, kisha rudi kwa mwendo wa polepole zaidi. Kope zikivimba au malengelenge yakitokea, njoo uonekane kwanza. Mtu akipita kipindi hicho salama, hupata faida mbili: retinoidi ikitumiwa kwa miezi husaidia pia madoa yenyewe kufifia.

Hali ya hewa ya mji wetu nayo ina sehemu yake. Kiangazi cha Lubumbashi ni Mei mpaka Septemba, na Juni na Julai asubuhi zina baridi, hewa ni kavu, vumbi jekundu liko kila mahali. Wakati huo ngozi hukauka na kupasuka hata kwa asiyepaka dawa yoyote. Anayeanza retinoidi Juni kwa kupaka kila usiku anajitafutia maumivu. Kama una nafasi ya kuchagua, anza wakati wa mvua, ili kiangazi kikute ngozi imeshazoea. Kama huna, anza na usiku mmoja au mbili kwa wiki na uongeze losheni. Vumbi lenyewe halileti chunusi. Kinacholeta balaa ni kulisugua usoni kwa kitambaa kigumu mara nne kwa siku.

Jua nalo lisipuuzwe. Mji uko kwenye mita 1,200 hivi juu ya bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo miale ya jua inavyokuwa na nguvu. Ngozi iliyo kwenye retinoidi huungua upesi zaidi, na jua huyakoleza madoa meusi. Krimu ya kukinga jua yenye kipimo cha SPF 30 au zaidi ndiyo tunayoipendekeza, na kwa wenye madoa ile yenye rangi ya udongo ni bora, kwa sababu madini ya chuma yaliyomo huzuia pia mwanga wa kawaida unaokoleza madoa. Najua bei yake. Wako wazazi ambao hawawezi kuinunua kila mwezi, na hilo si kosa lao. Kofia yenye ukingo mpana na mwavuli vinasaidia kweli, na dawa ipakwe usiku. Muuzaji wa barabarani anayekaa juani kutwa tunamwanzishia kwa tahadhari zaidi kuliko karani wa ofisini.

Sasa nifike kwenye jambo linalonisumbua kuliko yote, nalo ni kuchanganya. Tretinoini iliidhinishwa Marekani kutibu chunusi mwaka 1971, baada ya kazi ya Albert Kligman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Mtu huyo huyo anakumbukwa pia kwa majaribio aliyowafanyia wafungwa wa gereza la Holmesburg, mjini Philadelphia, wengi wao watu weusi, mpaka mwaka 1974. Ni haki yao tulitaje hilo kila tunapotaja dawa hii. Mwaka 1975 alichapisha mchanganyiko wa hidrokwinoni (dawa ya kung'arisha ngozi), tretinoini na deksamethasoni (steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe) kwa ajili ya kutibu madoa. Mchanganyiko wa namna hiyo ni wa muda mfupi, chini ya macho ya daktari. Lakini leo wanawake na wanaume wanajichanganyia wenyewe kwenye kopo moja: krimu ya kujichubua, tyubu ya steroidi kali, na siku hizi tretinoini juu yake, "ili ishike haraka".

Steroidi kali zikipakwa usoni, kwa mfano ile iliyoandikwa kwa Kifaransa clobétasol, hutuliza chunusi kwa siku chache na kuufanya uso uwe laini. Baada ya wiki au miezi, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa midogo inaonekana, na vipele vipya hutoka kwa wingi, vyote vikifanana. Hizo ni chunusi zilizoletwa na krimu yenyewe. Mtu akiacha ghafla, uso hulipuka, akirudia, hutulia. Ndivyo anavyonaswa. Retinoidi ikipakwa juu ya ngozi iliyokwisha kuwa nyembamba namna hiyo huchoma vikali, na mtu husema dawa ya hospitali ndiyo iliyomuunguza. Kama unatumia krimu ya kung'arisha, tuambie. Hatumcheki mtu wala kumgombeza. Tunahitaji kujua ili tukutoe huko hatua kwa hatua kabla ya kuanza kutibu chunusi.

Yapo mengine yanayoharibu kazi: limao, dawa ya meno, unga wa kapsuli ya antibiotiki uliomwagwa juu ya kipele, mafuta mazito ya nywele yanayoshuka mpaka paji la uso. Kutoa nywele za uso kwa nta ukiwa kwenye retinoidi kunaweza kubandua ngozi pamoja nazo, ahirisha. Na usitumie antibiotiki ya kupaka peke yake kwa miezi, maana vijidudu huizoea. Inapohitajika, huunganishwa na benzoili peroksidi, dawa ya kupaka inayoua vijidudu vya chunusi, iliyoandikwa peroxyde de benzoyle kwenye boksi, ambayo hutoa rangi kwenye foronya na taulo, kwa hiyo tumia nyeupe. Hiyo na adapaleni huendana vizuri. Lakini benzoili peroksidi na tretinoini ya kawaida zisipakwe kwa wakati mmoja, kwa sababu peroksidi huiharibu tretinoini: peroksidi asubuhi, tretinoini usiku.

Tretinoini huharibiwa pia na mwanga na joto. Tyubu iliyokaa mezani juani toka asubuhi, hata kama tarehe yake haijapita, usiinunue. Nunua kwenye farmasi, soma boksi: adapalène 0,1 %, au trétinoïne 0,025 % au 0,05 %. Kwa anayeanza, adapaleni ya 0,1 % mara nyingi ndiyo inayovumilika zaidi. Tangu mwaka 2016 adapaleni hiyo inauzwa Marekani bila karatasi ya daktari, lakini wao wameandikiwa maelezo kwa lugha yao ndani ya boksi. Hapa, kama humwoni daktari, angalau mwombe mfamasia akusomee.

Mwanamke mwenye mimba au anayeitafuta asipake retinoidi. Aliyepaka bila kujua kuwa ana mimba asishikwe na hofu: aache, kisha aje tuzungumze, kwa maana dawa inayoingia mwilini kwa kupaka ni kidogo sana. Wakati wa mimba tuna njia nyingine, kama asidi ya azelaiki. Isotretinoini, vidonge vya kumeza vya jamii hiyo hiyo, ni habari tofauti kabisa: huharibu ubongo, moyo na masikio ya mtoto aliye tumboni, na haimezwi bila daktari, kipimo cha mimba na uzazi wa mpango wa uhakika. Tumekwisha kuona vidonge hivyo vikipitishwa kutoka kwa dada mmoja kwenda kwa mwingine ndani ya nyumba moja. Tafadhali, msifanye hivyo.

Wanaume wenye vipele vya ndevu baada ya kunyolewa hawana chunusi hasa, ni nywele zinazojikunja na kuingia ndani ya ngozi. Matibabu yao huanza na namna ya kunyoa. Vipele vidogo vinavyowasha, vyote saizi moja, paji la uso na mgongoni, huweza kuwa vya fangasi, na retinoidi peke yake haitoshi.

Mwenye uvimbe mkubwa, mgumu, unaouma chini ya ngozi, au aliyeanza kupata mashimo mashavuni, asingoje wiki 12 na tyubu. Mashimo hayo yakishakaa, krimu haiyajazi. Aje mapema, na aje na kila anachopaka usoni, pamoja na lile kopo lisilo na jina.