Dhamira siyo neno moja, na maudhui siyo dhamira

Jamani naomba tuongee kidogo kuhusu dhamira, maana kila mitihani ikikaribia zinaanza kuzunguka zile pdf za uchambuzi kwenye magrupu ya WhatsApp, na ukifungua yoyote unakuta mstari uleule: "Dhamira: mapenzi, umaskini, rushwa, ukimwi, mila potofu." Koma koma koma, nukta. Dogo anakariri mstari mzima, anaenda kuumwaga kwenye pepa, maksi zikirudi haba anasema msahihishaji kamwonea. Halafu juu ya hapo anakuja mwingine na notsi za Kenya anasema hizo siyo dhamira hizo ni maudhui, wa tatu anasema ah, dhamira na maudhui ni kitu kimoja, mnabishania majina. Hapo ndo huwa nachoka.

Maana yenyewe haraka haraka. Kazi yoyote ya fasihi, iwe hadithi, tamthiliya au shairi, tunaitazama kwa fani na maudhui. Fani ni jinsi inavyosemwa: muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Maudhui ni yale yanayosemwa, yote kwa ujumla. Ndani ya hayo maudhui ndo unakuta dhamira, ujumbe, migogoro, msimamo, mtazamo na falsafa ya mwandishi. Kwa hiyo dhamira ni sehemu ya maudhui, na ni wazo ambalo kazi inalijenga kuhusu jambo fulani. Basi, maana imeisha. Sasa tuje kwenye kinachokera.

"Mapenzi" siyo wazo, mapenzi ni mada. Mada ni jambo linaloongelewa, dhamira ni kile kinachosemwa juu ya hilo jambo. Nikikwambia "rushwa" ukanyamaza, una haki ya kunyamaza, utajibu nini sasa? Lakini nikikwambia "rushwa haiishi kwa kumfunga karani huku bosi wake anapandishwa cheo" hapo tayari unaweza kunikubalia au kunibishia, na hicho ndo kipimo changu mimi, kama mtu hawezi kubishana na ulichoandika basi hujafika kwenye dhamira bado, umetaja mada ukakaa.

Na kinachochekesha ni kwamba mfano mzuri kuliko yote uko kwenye jalada la kitabu ambacho madenti wengi wa Tanzania wamekishika mikononi. Tamthiliya ya Edwin Semzaba inaitwa Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe. Soma hicho kichwa polepole. Penzi, kitovu, cha uzembe. Mwandishi kashakutafunia, kakupa sentensi nzima kwamba mapenzi ndo chanzo cha mtu kuzembea kazi aliyotumwa, ofisa wa serikali, huyo Ngoswe, anapelekwa kijijini kuhesabu watu, anaona binti, sensa inageuka kitu cha pembeni mpaka makaratasi yenyewe yanaishia motoni. Halafu mtu anasoma kitabu kizima, anafunga, anaandika "Dhamira: mapenzi". Yaani kashindwa hata kunakili jalada! Kichwa cha habari kina maneno mengi kuliko uchambuzi wake.

Na hapo hapo unaweza kubisha, ndo uzuri wake. Unaweza kusema hapana, uzembe ulikuwepo kabla ya penzi, serikali iliyomtuma mtu mmoja na mafaili yake bila ya kuwaandaa wanakijiji nayo ilizembea, penzi limesingiziwa tu. Ukiandika hivyo na ukaonyesha sehemu za kitabu zinazokuunga mkono umeshachambua, hata kama mwalimu wako haoni hivyo.

Sasa hili la asili ya maneno, maana naona watu wengi wanayatumia bila kujua yametoka wapi, na yakijulikana yametoka wapi ubishi nusu yake unaisha wenyewe. Dhamira na dhamiri ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kiarabu, na huo mzizi una maana ya kuficha, kuweka ndani ya moyo kitu ambacho hakionekani nje. Ndo maana dhamiri ni ile sauti inayokusuta ukiwa peke yako, na dhamira ni nia, na tukasema "amedhamiria kuoa mwaka huu" hata kama posa hajapeleka. Wanasarufi wa Kiarabu wenyewe neno hilohilo wanaliita lile linalosimama badala ya jina, mimi, yeye, wao, kwa vile jina lenyewe halitajwi. Kila unapoligusa hili neno unakutana na kitu kilichojificha.

Maudhui ni mambo mengine kabisa. Hilo limetoka kwenye kitenzi cha Kiarabu cha kuweka, maudhui ni kilichowekwa, kilichotandazwa mbele za watu tukiongee. (Waliopita madrasa wanalijua kwa ubaya zaidi, hadithi maudhui ni ile iliyotungwa na watu halafu ikabambikiwa Mtume, yaani imewekwa tu hapo, haina asili.) Na hata huku mtaani tunalitumia sawasawa bila kufundishwa, serikali ya Tanzania ilipotoa zile Kanuni za Maudhui Mtandaoni mwaka 2018 ikazitoa tena upya 2020, hakuna blogu wala mtu wa YouTube aliyeuliza maudhui ni nini, wote walielewa ni vile vitu vyote unavyopandisha, video, maandishi, picha, sauti. Hakuna aliyedhani anatozwa ada kwa ajili ya dhamira zake.

Kwa hiyo moja liko wazi mezani na jingine limefichwa ndani. Ukisema ni kitu kimoja unakuwa umeua kazi yote ya msomaji, maana kazi ya msomaji ni kutoka kwenye hilo la mezani kwenda kwenye hilo la ndani.

Ila sasa lazima niwe mkweli, hapa kuna mtego ambao siyo kosa la mwanafunzi. Kenya na Tanzania haya maneno tunayatumia tofauti, na siku hizi notsi zinavuka mpaka bila pasi ya kusafiria. Kwenye shule za Kenya wakisema maudhui wanamaanisha yale masuala yanayojitokeza kwenye kazi, moja moja, kwa hiyo mwanafunzi wa KCSE, ule mtihani wao wa kumaliza sekondari, akiandika "maudhui ya ukoloni mamboleo, maudhui ya elimu, maudhui ya utabaka" yuko sawa kabisa na anaendelea kueleza. Wakisema dhamira wanamaanisha kusudi la mwandishi, alitaka kufanya nini alipoandika, kukejeli, kuonya, kuhimiza. Kwa Tanzania tukisema dhamira tunamaanisha wazo linalobebwa na kazi, na maudhui ni lile kapu kubwa lenye dhamira na wenzake ndani. Na kama tunaenda kwa asili ya neno, acha niseme tu, Wakenya wako karibu zaidi na ile nia ya moyoni kuliko sisi. Lakini mtihani hausahihishwi kwa asili ya neno, unasahihishwa na mwalimu aliyesoma mfumo wako.

Chukua kisa cha sungura na ndizi, kila mtu anakijua. Sungura anaona ndizi zimeiva juu, anaruka, anakosa, anaruka tena, anakosa, mwisho anajifuta vumbi anasema sizitaki mbichi hizi. (Wengine wanakisimulia kwa mbweha na zabibu, kisa ni kilekile.) Mwanafunzi wa Dodoma ataandika mada ni tamaa na kushindwa, dhamira ni kwamba mtu akikosa kitu alichokitamani hukitia kasoro ili asionekane ameshindwa, na ujumbe ni kwamba tukubali tukishindwa. Mwanafunzi wa Nakuru ataandika maudhui ni tamaa, kushindwa na unafiki, halafu dhamira ya msimulizi ni kuwakejeli watu wanaodharau walichokikosa. Wote wamesoma vizuri. Wakibadilishana majibu bila kubadilishana mifumo, wote wawili wanapoteza maksi, na kila mmoja atamwona mwenzake hajui Kiswahili.

Halafu angalia hapo Dodoma, ujumbe na dhamira havifanani. Hili nalo linachanganywa kila siku. Dhamira inaeleza dunia ilivyo kwa macho ya hiyo kazi, ujumbe ni kile unachoondoka nacho, funzo. Dhamira haina "tusifanye" wala "tufanye" ndani yake. Ukiona sentensi yako inaanza na "jamii inapaswa" jua hiyo ipeleke kwenye ujumbe.

Nisilisahau na hili la msamiati, maana ndo limefungamana na dhamira kuliko watu wanavyodhani. Kwanza msamiati ni jumla ya maneno, ya lugha au ya kitabu au ya mtu, kwa hiyo "misamiati migumu mitano" inaniumiza sikio kidogo, sema maneno matano magumu inatosha, lakini hiyo nawaachia, imeshaenea mno. Shida kubwa ni kwamba mtu anasoma shairi akiwa na kamusi mkono mmoja, anaandika neno, anaandika maana ya kwanza aliyoikuta, anahamia neno jingine. Swali la mtihani lenyewe linasema "kama yalivyotumika katika shairi" na hayo maneno manne ya mwisho ndo swali, ile sehemu ya mbele ni salamu tu.

Rudi kwa sungura. Neno mbichi. Kamusi itakwambia kisichoiva au kisichopikwa, na ukiandika hivyo kwa lile neno la sungura umekosa, kwa sababu ndizi zilikuwa zimeiva, tumeambiwa mwanzoni kabisa. Mbichi hapo ni uongo wa sungura, ni neno la kujifariji. Dhamira nzima imelala kwenye hilo neno moja, ukiliondoa ukaweka "nimeshindwa" hakuna tena kisa, kuna sungura mwenye njaa tu. Vivyo hivyo kitovu kwenye kile kichwa cha tamthiliya, ukienda na kamusi yako kwa pupa utakuta habari za tumbo la mtoto na kukatwa kamba, wakati hapo ni chanzo, pale kitu kinapoanzia. Ndo maana walimu wanasema fani na maudhui ni pande mbili za sarafu moja, neno liko upande wa fani lakini ukiligeuza unakuta wazo.

Na kwenye mashairi ya kimapokeo kuna balaa lake, maneno mengine hayapo kamusini kabisa na siyo kwamba mshairi kakosea. Kafupisha ili mizani, yaani idadi ya silabi kwenye mstari, itoshe, "nambie" kwa niambie, "menda" kwa nimekwenda, hiyo inaitwa inkisari. Au karefusha, "enenda" kwa enda, hiyo mazida. Au ni lahaja yake, washairi wa Mombasa na Lamu watakupa mato wakimaanisha macho, nti wakimaanisha nchi, na mwanafunzi wa Mwanza anahangaika na mato kama wingi wa kitu asichokijua. Mtu hajajua hata shairi linaongelea macho ya nani, dhamira ataitoa wapi? Anaibuni. Na dhamira ya kubuni siku zote inatoka neno moja, umoja, amani, mapenzi, maana hayo yanakaa kwenye shairi lolote kama vile fulana ya saizi ya wote.

Kwa hiyo ukikuta mdogo wako kaandika "Dhamira: mapenzi", usimfokee na wala usimfutie. Muulize tu, mapenzi yamefanyaje? Atasema yamemfanya Ngoswe asahau kazi. Haya, yaandike hivyohivyo, halafu nionyeshe ukurasa. Na yule binamu yake anayesoma Kenya aliyeandika "maudhui ya mapenzi" mwacheni nayo jamani, kwao liko sawa, naye muulizeni hilohilo swali.