Udzungwa: Hifadhi ya Kutembea kwa Miguu na Kutega Sikio

Wageni wengi wanaofika Mang'ula, lilipo geti la Udzungwa, wanatokea Hifadhi ya Mikumi, mwendo wa kilomita 60 hivi, ambako wameona twiga na nyati bila kushuka garini. Getini huuliza barabara ya kuingia ndani iko wapi. Haipo. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa 1992 ikiwa na kilomita za mraba 1,990, ni ya kutembea kwa miguu. Gari linabaki chini, nawe unapanda.

Jambo hilo linabadilisha namna nzima ya kutazama wanyama. Mbugani macho yanafika mbali. Msituni majani yanafunga kila kitu hatua chache mbele yako, na mnyama anakuwa ameshakusikia kabla hujamwona. Anayetegemea macho peke yake atashuka akilalamika kwamba hakuna wanyama, kumbe amepita chini ya makundi matatu.

Hata watafiti walianza kwa kusikia. Mwaka 1979 Katherine Homewood na Alan Rodgers, wakiwa katika msitu wa Mwanihana, walisikia mlio wa kima wasioujua. Wenyeji hawakushangaa: huyo ni n'golaga. Basi ndivyo sayansi ilivyopata kima wa Sanje, mwenye manyoya ya kijivu, ambaye hapatikani popote duniani nje ya milima hii. Mlio wa dume ni mzito na unavuka bonde zima. N'golaga hutumia muda mwingi ardhini akipekua majani makavu kutafuta mbegu na wadudu, kwa hiyo ukisikia mchakarisho wa wengi kwa pamoja, usikimbilie kuangalia juu.

Mbega mwekundu wa Iringa ni kinyume chake. Huyo anakaa juu, anakula majani, na baada ya kula anapumzika muda mrefu kwa sababu majani huchukua muda kusagika tumboni. Saa za katikati ya asubuhi utamkuta ametulia matawini, mkia umening'inia, na mkia huo ndio unaomsaliti. Hondohondo utamjua kwa mabawa yake, yana sauti ya upepo unaokatwa. Na kima wote wakipiga kelele ghafla kisha wakanyamaza, tazama angani: huenda tai mwenye kishungi anapita.

Ushauri wangu ni kusimama mara nyingi kuliko unavyodhani inafaa. Simama dakika tano, usiseme neno, kisha endelea. Shati jekundu liache nyumbani, maana kima wa huku wanaona rangi kama sisi. Spika ya muziki sitaki hata kuizungumzia.

Katika ukimya huo ndipo unapoweza kumwona sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza, akikatiza njia mbio. Sange mwenye uso wa kijivu, anayeishi Ndundulu na Luhomero, upande wa juu wa milima, alitangazwa kisayansi mwaka 2008 tu, ilhali ndiye mkubwa kuliko sange wote. Misitu hii imedumu muda mrefu mno kwa sababu ya unyevu unaoletwa na pepo za Bahari ya Hindi, na viumbe waliojitenga humo wakawa wa peke yao.

Ukiwapata kima, baki umbali wa mita 10 au zaidi. Sababu si woga wao peke yake. Kima ni jamaa wa karibu wa binadamu, na mafua yetu yanaweza kuwaambukiza. Mwenye kikohozi aahirishe safari, hata kama amekwisha kulipia hoteli. Chakula pia usiwape. Nyani aliyeonja ndizi ya mgeni hujifunza haraka, na kesho yake anaingia jikoni kwa mama fulani kijijini ambaye hakuwahi kumpa chochote.

Tembo na nyati nao wamo, na hupita njia zilezile tunazopita. Ndiyo maana unaongozana na mwongoza wageni, na katika safari ndefu askari mwenye silaha. Akiona kinyesi kibichi akaamua mrudi nyuma, msibishane naye.

Kuhusu njia, maporomoko ya Sanje yenye mita 170 ndiyo yanayopendwa zaidi, na kwenda na kurudi huchukua kama saa nne. Kwa maoni yangu, anayemaliza kwa saa mbili ameona maji tu. Kilele cha Mwanihana, kinachozidi mita 2,000, kinahitaji kulala njiani, na si cha kujaribu kwa raba za mjini. Vaa viatu vinavyoshika, soksi ndefu na suruali iliyochomekwa ndani yake kwa ajili ya siafu. Beba maji ya kutosha na koti la mvua hata kiangazi. Machi hadi Mei mawe ya karibu na maporomoko huota utelezi, na ajali nyingi hutokea wakati wa kushuka, magoti yamechoka na watu wameanza kupiga soga. Juni hadi Oktoba njia ni kavu zaidi. Fika getini mapema, saa moja asubuhi ikiwezekana, kabla jua halijapanda na kima hawajajificha kivulini.